Mama Mkwe, Kikaangio cha Hewa na Saa Isiyopona

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye stoo ya vitambaa kazini, nimekaa juu ya majora ya kaki, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi nitasimamishwa mbele ya ukoo mzima wa mume wangu nijibu kwa nini nataka kumuua mama mkwe wangu, na mimi, naapa, sitaki kumuua, nampenda, ingawa kuna siku.

Nianze mwanzo usije ukapotea. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, tuko wanawake saba kwenye karakana moja, na mume wangu ni fundi saa, ana kibanda chake chenye kioo mbele na kilenzi cha kubandika jichoni, mtu mpole, maneno yake ya kutafuta, na mama yake tunaishi naye mwaka wa sita sasa. Huyu mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka thelathini na moja, alipikia wanafunzi mia nne kwa mwiko unaomfikia kifuani, na mpaka leo akipita jikoni kwangu hanuni wala hasemi kitu, anafunua sufuria, anatazama, anafunika. Hilo tu. Mshauri, hujui uchungu wa kufunikiwa sufuria.

Sasa miezi minne iliyopita mama akaanguka bafuni, tukamkimbiza hospitali, kumbe presha iko juu vibaya sana, na daktari akatuambia, sote tumejipanga ukutani, kwamba dawa atameza lakini chumvi basi, akiendelea nayo atapata kiharusi. Mume wangu alilia palepale kwenye korido, mtu mzima na ndevu zake. Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, hakulia, yeye ni mwalimu mkuu na familia hii anaiendesha kama gwaride la asubuhi, na siku ya pili alikuja na boksi kubwa, ndani mna kikaangio cha hewa, hili jiko la umeme linalopuliza hewa ya moto mboga zikaiva bila kuogelea kwenye mafuta, akakichomoa kikapu chake cha kuwekea mboga, akanitia mikononi akasema, "Wifi, maisha ya mama nimekukabidhi wewe." Nikapokea, na nakiri nilipokea kwa furaha, kwa sababu miaka yote hiyo nimefunuliwa sufuria, na leo nimepewa jiko ambalo mama mkwe hajui hata linawashiwa wapi.

Basi nikaanza kwa mbwembwe. Siku hiyohiyo niliita watu wote jikoni, nikachukua mkebe wa chumvi, nikaumwaga wote kwenye sinki mbele yao huku bomba linatiririka, nikasema kuanzia leo nyumba hii haina chumvi, na binti yangu mdogo akapiga makofi akidhani ni mchezo. Nikapanda mrehani, mnanaa, giligilani na rozimari kwenye makopo ya rangi nje ya dirisha. Kila jioni nikitoka kazini nakata karoti, biringanya, koliflawa na pilipili hoho, nachuma majani mabichi konzi mbili, namwagia juu, najaza kikapu mpaka nikisukume kwa paja ndiyo kiingie, nafungulia moto mpaka mwisho, na majani yanaruka humo ndani yakijigonga mpaka yanatoka meusi, na ule weusi ndio unaoleta ladha ya moshi, hiyo nimeigundua mwenyewe. Chumvi hata chembe.

Na mama akapenda! Hapo ndipo nilipoponzeka. Watoto walikuwa wanatafuna kama wametumikishwa, mume wangu anasukumia kwa maji, lakini mama mkwe, mpishi wa watu mia nne, anapelekewa sinia lake chumbani na sahani inarudi imefutwa kabisa, na siku moja akanirudishia mwenyewe mkononi akasema, "Mwanangu, leo umepika." Mshauri, nililia. Nilijifanya nakata kitunguu nikalia. Kesho yake nikasimulia kazini, keshokutwa nikabeba mboga kwenye hotipoti nikawaonjesha wenzangu, wakasema nzuri, walisema kwa adabu, sasa hivi ndiyo naona, wakati ule nilidhani wameduwaa. Nikaanza kufundisha. Majirani wakaja na madaftari. Kikundi chetu cha akina mama kikanipa nafasi ya kuzungumza, nikazungumza dakika arobaini nzima, nikawaambia siri ni majani na kwamba chumvi ni uvivu wa mpishi, maneno yangu hayo, sikumnakili mtu. Wakaniita Profesa wa Majani na mimi nikaitika.

Sasa hapa naomba usinichoke. Mimi mwenyewe zile mboga hazinipiti kooni. Kwenye droo ya cherehani yangu, nyuma ya bobini, kuna kichupa kilichokuwa cha vifungo na sasa kina chumvi, na mchana nikila yai langu la kuchemsha nageukia ukutani kama ninayetunga uzi kwenye sindano, kumbe nanyunyiza. Siku ile ya hotuba kilikuwa kwenye pochi.

Haya, sasa saa. Chumbani kwa mama kuna saa ndefu ya mbao ya ukutani, zawadi ya shule alipostaafu, na chini yake ina kimlango cha kuwekea ufunguo. Tangu tuache chumvi saa hiyo ikaanza kuumwa. Kila jioni sinia likiingia tu, utamsikia mama, "Fundi wangu, njoo unitazamie hii saa," na mume wangu anaingia, anarudishia mlango, baada ya dakika mbili anatoka. Kila jioni! Mimi sina hili wala lile, naona ni mtoto anampenda mama yake, ila moyoni nikawa najiuliza, huyu ni fundi wa namna gani, saa za watu wote zinapona, ya mama yake tu miezi mitatu haiponi?

Jioni moja nikasahau kumpelekea mama maji ya kunywa. Nikaenda na glasi, mlango haukufungwa vizuri, nikachungulia, nikamwona mume wangu juu ya stuli, kimlango cha saa kiko wazi, mkononi ameshika kile kikopo chake cha kuwekea skrubu ndogondogo, akashuka, akawa anamnyunyizia mama kwa vidole viwili juu ya mboga zangu. Namsikia anasema, "Leo nusu, mama." Na mama anamjibu, "Nusu ya nini? Wewe nilikunyonyesha nusu?" Akamwongezea.

Sikuingia, nilirudi jikoni nikasimama mbele ya kile kikaangio kikiwa kinanguruma, na unajua nilichowaza kwanza, mshauri wangu? Sikuwaza presha. Niliwaza, kumbe si majani. Miezi yote ile mama alikuwa anafuta sahani kwa ajili ya chumvi, na mimi nimesimama mbele za watu dakika arobaini. Kesho yake, mama akiwa anaota jua uani, nikafungua kile kimlango nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu. Nikakirudisha kikopo mahali pake nikafunga. Hiyo ni wiki tatu zilizopita na sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu kila nikitaka kusema naona nitaanzia wapi, na halafu Jumapili ile kikundi kilikuwa kimeniomba nirudie somo.

Jumanne ya wiki hii tukampeleka mama kliniki, mimi, mume wangu na wifi. Nesi akapima, akapima tena, akatoka kwenda kumwita daktari. Mia mbili na kitu juu, mia na kumi na kitu chini. Daktari akavuta kiti karibu akamwuliza, "Mama, chumvi unakula?" Mama akaukumbatia mkoba wake akasema, "Mimi mwanangu nakula ninachopewa." Mshauri! Na si uongo, nimekaa nimeupima huku na huku nikaona si uongo, lakini wote walinigeukia mimi, daktari, nesi, wifi, na mume wangu akawa anakagua viatu vyake kama vimeletwa kwake kutengenezwa. Daktari akaandika dawa nyingine juu ya zile za mwanzo. Tulipotoka nje wifi akanisimamisha kwenye ngazi. "Wifi, nilikukabidhi mama." Nikamwambia, dada yangu, kwangu chumvi hakuna, njoo upekue. Akasema, "Hayo utayasema Jumamosi saa nne. Kila mtu aje na maelezo yake." Na kwamba kikao kikiisha mama anahamia kwake, na mimi nisimguse tena hata kwa kikombe cha chai.

Sasa nishauri. Nikinyamaza, mimi ndiye muuaji, na jina hilo halitoki hata nikilifua na jiki. Nikisema, mume wangu ndiye kitindamimba, ndugu zake wote wanamwita yai la mama tangu utotoni, watamla mbichi, na mama aliyeniambia nimepika baada ya miaka sita hatanitazama tena usoni. Jana usiku nikamjaribu mume wangu, nikamwuliza, "Baba watoto, una lolote la kuniambia kuhusu Jumamosi?" Akafikiri sana, akasema, "Saa nne ni mapema." Na akina mama wa kikundi, madaftari yao yale, nitayakusanyaje?

Naomba unifundishe namna ya kusema ukweli bila kumtaja mtu. Na kama una ujuzi wa mapishi, naomba pia uniambie kwa nini mboga zangu hazina ladha.

Ni mimi,
Profesa wa Majani

MSHAURI ANAJIBU

Dada Profesa, pole. Naanza na pole kwa sababu unaistahili, na kwa sababu nikishaanza mengine sitapata nafasi ya kuirudia.

Barua yako imenifikia Alhamisi asubuhi. Nimemwomba mhariri amweke kando bwana mmoja anayegombana na jirani yake kuhusu ukuta, ili wewe utoke leo Ijumaa. Ningeweza kukuficha. Ningekufanya muuza viatu, mumeo nikamfanya dereva, wifi yako nikamfanya chochote kile. Nimeacha kila kitu kama ulivyokiandika. Nilikutumia ujumbe kukueleza hivyo, kwa ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha, ukanijibu, "Mungu wangu." Baada ya robo saa ukaandika, "Basi sawa." Nakushukuru kwa ujasiri huo. Sasa fahamu kwamba wifi yako ni mwalimu mkuu, na walimu wakuu ninaowajua mimi hufungua gazeti kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo lile ombi lako la kusema ukweli bila kumtaja mtu limekwisha. Ukweli umeshatoka, kilichobaki ni nani atakayeufikisha nyumbani, wewe au gazeti.

Umefanya nini, dada yangu? Mkebe wa kwanza wa chumvi uliumwaga mbele za watu, bomba likitiririka, ukapigiwa makofi. Kikopo cha pili, ambacho ndicho kilikuwa kinamuua mama, hapakuwa na mtu wa kukuona, ukaonja, ukakirudisha, ukafunga na mlango. Halafu wiki tatu ukaendelea kumpelekea sinia, ukijua fundi yuko nyuma yako na kikopo chake. Unaniambia unaogopa kuitwa muuaji. Mimi sikuiti hivyo. Nakuita mtu aliyependa kusifiwa mpaka akasahau anampikia mgonjwa. Tuko wengi. Lakini uzuri wako ni kwamba umeliandika mwenyewe, "Sikuwaza presha," hakuna aliyekulazimisha kuandika sentensi ile. Ndiyo maana nina imani na wewe.

Mumeo simwachi. Gazeti hili mpelekee kibandani, mwekee katikati ya saa za watu, asome hapa. Fundi, hujambo? Ulilia kwenye korido nikakuhurumia, kisha ukaenda ukajaza kikopo. Najua ilikuwaje. Mama alikuomba mara moja kwa macho yale, ukashindwa, na aliyeshindwa mara ya kwanza ya pili haimpi taabu. Lakini Jumanne uliacha mkeo akaangwe mbele ya daktari nawe umeinamia viatu, na daktari akaongeza dawa bila kujua mgonjwa anakula nini. Dawa ya presha si ya kukisia, bwana. Leo funga kibanda. Nendeni kliniki wewe na mkeo, umwambie daktari kwa mdomo wako ulikuwa unampa kiasi gani na kwa muda gani, yeye ndiye aamue mama ameze nini. Usimpunguzie wala kumwongezea kidonge kwa akili yako. Na Jumamosi, kabla dada yako hajasoma ajenda, simama useme, "Ni mimi." Maneno mawili. Hata mtu mpole anayaweza.

Dada, rudi kwako. Mumeo akishasema, wewe usiongeze chumvi kwenye kidonda chake. Sema la kwako: nilijua, nikanyamaza wiki tatu. Wifi atawaka, mwacheni awake, naye ana hofu ya mama yake kama ninyi, tofauti ni kwamba yeye hofu yake huja na ajenda. Mkishamaliza kuungama mpeni kazi. Awe yeye wa kumpeleka mama kliniki na kuandika namba za presha kwenye daftari. Mtu wa namna ile ukimpa daftari, nusu ya ugomvi umekwisha.

Sasa mama. Ninyi watu wote, pamoja na daktari, mmeongea juu ya mama huyu miezi minne na sioni popote mlipomwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mwanamke ameonja vyakula vya watu mia nne kila siku kwa miaka thelathini na moja. Ulimi wake ndio ulikuwa cheo chake. Ghafla, ndani ya wiki moja, amenyimwa chumvi, amenyimwa jiko, amewekwa chumbani na sinia, na mkwe wake anamletea karoti zenye majani yaliyoungua huku anatembea kifua mbele. Dada yangu, mimi ningeficha chumvi kwenye saa mbili.

Mtoe chumbani. Weka kiti chenye mgongo jikoni, karibu na yale makopo yako ya rangi, mpe kisu na ubao, yeye ndiye achague majani na yeye ndiye aonje. Akikufunulia sufuria, usinune. Mwulize, "Mama, kimepungua nini?" Miaka sita hujawahi kumwuliza swali hilo, sivyo? Atakwambia kimepungua chumvi. Mwambie, "Hiyo hatuna, mama. Tufanyeje?" Kisha unyamaze, umwache mpishi afikiri. Na mweleze waziwazi daktari alisema nini kuhusu kiharusi, mtu mzima kwa mtu mzima, msimzungukezunguke.

Nije kwenye mboga, maana jana nimejaribu kwangu hivyohivyo ulivyoandika, nikajaza kikapu, nikakisukuma kwa paja, nikafungulia moto mpaka mwisho. Jirani amekuja kuuliza kama kuna kinachoungua. Dada, ile si ladha ya moshi. Ni masizi. Majani laini kama mrehani, mnanaa na giligilani hayavumilii upepo ule wa moto, yanapeperushwa juu yanagusa waya unaowaka, basi, umekwisha mchezo. Nawe umeyafundisha hayo kwa watu wenye madaftari!

Zioshe mboga, kisha uzikaushe kwa kitambaa, zikiwa na maji zitachemka tu humo ndani zitoke zimelegea. Zikate zilingane. Kijiko kimoja cha mafuta, zipake kwa mkono mpaka kila kipande king'ae. Rozimari ndiyo peke yake inayoweza kuingia tangu mwanzo, ikatekate ndogo, ichanganye na hayo mafuta ili ishike. Panga mboga safu moja, kipande kisimlalie mwenzake, na kama ni nyingi pika mara mbili, hakuna anayekukimbiza. Moto wa wastani. Katikati vuta kikapu ukitikise. Kitunguu saumu kiponde, kiingie dakika za mwisho, kikitangulia kitakuwa kichungu. Zikitoka, zikiwa bado za moto, hapo sasa ndipo umwage yale majani laini yaliyokatwa hapohapo, ukamulie ndimu, uchanganye, ufunike dakika mbili. Halafu umpe mama aonje wa kwanza, kabla yako. Zangu za jana, awamu ya pili, tumezigombea. Siku za mwanzo ulimi utaisaka chumvi, usikate tamaa, baada ya wiki kadhaa huzoea. Na zile chumvi za badala zinazouzwa madukani, zenye maandishi mazuri, usizilete nyumbani mpaka umemwuliza daktari, kwa mtu anayemeza dawa za presha zinaweza kuwa na hatari yake.

Kichupa chako cha kwenye droo sikukatazi, hukusema kama una presha. Ila nenda kapime, ndipo unyunyize. Na Jumamosi mwambie mama mkwe kwamba hata wewe zile mboga zilikushinda. Nakuhakikishia atacheka mpaka ashike mbavu, na hapo ndipo utakapoanza kuwa mkwe wake. Kikundi nacho kiitishe tena. Ulisimama dakika arobaini ukiwapotosha, simama dakika arobaini nyingine uwarekebishe, na safari hii mama awe amekaa mbele, yeye ndiye mwalimu.

Nina la kwangu pia, kwa kuwa nimesoma la kwako. Mama yangu naye alikatazwa chumvi. Kaka yangu alikuwa anamletea kwa siri, nami nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilichoka kugombana na kaka, nikajiambia nitasema mwisho wa mwezi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mama amekaa anavaa viatu vyake, upande mmoja wa mwili ukamwachia. Yuko hai, mwaka wa nne sasa. Namlisha mimi kwa kijiko, mboga laini zenye majani mabichi na ndimu, bila chumvi, na anakula zote, kwa sababu hawezi kusema neno. Nikimlisha namtazama mdomo wake. Ningetoa chochote nilicho nacho nimsikie ananiambia mara moja tu, "Mwanangu, hiki chakula hakina ladha."

Wako bado anasema. Weka gazeti chini, uende.